Maji Yanayopanda Kutoka Chini

Msomaji mpenzi, jibu kwanza ulizo hili: mvua inaingia nyumbani mwako kupitia wapi? Karibu wote watajibu: «Kupitia juu, kwenye manjanja yenye matundu!» Jibu ni la kweli, lakini ni nusu tu. Kuna maji mengine ambayo hayapigi kelele juu ya manjanja. Hayaanguki, yanapanda. Yanatoka udongoni, yanapita katika sakafu na katika matofali, na yanaingia nyumbani wakati watu wamelala.

Angalia kuta za nyumba nyingi hapa Kamina mwezi wa pili au wa tatu. Pa chini, karibu na sakafu, rangi inatoka vipande-vipande. Kuna alama nyeupe kama chumvi. Mkeka ulioachwa chini usiku unakuwa na baridi na harufu ya kuoza. Watu wanasema: «Nyumba inalia.» Wengine wanafikiri ni simenti mbaya, wengine wanalaumu fundi. Kumbe mara mingi sababu ni moja: kati ya udongo na nyumba hakukuwekwa kitu cha kuzuia maji.

Kitu hicho kiko, na si cha matajiri peke yao. Ni plastiki nene, inayotandikwa chini ya sakafu kabla ya kumwaga simenti. Lakini ina siku yake. Siku ile ikipita, kuirudisha kunataka kuvunja. Njo maana tunapenda kukueleza jambo hili mapema, wewe baba na mama mnaoanza kujenga, na wewe kijana utakayejenga kesho.

MAJI YANAPANDA NAMNA GANI?

Kamina iko juu, yapata mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yetu inaanza karibu na mwezi wa kumi mpaka mwezi wa ine. Miezi hiyo yote udongo unakunywa maji. Jua likirudi, juu kunakauka na kuwa vumbi, lakini ukichimba kidogo unakuta chini kungali na unyevu.

Matofali yetu nayo yanakunywa. Katika Katanga nzima, toka Kolwezi na Likasi mpaka huku kwetu, watu wengi wanafyatua matofali kwa udongo wa kichuguu. Ni udongo mzuri, unashikana. Lakini tofali, liwe bichi au la kuchoma, lina njia ndogo-ndogo ndani yake ambazo macho hayawezi kuona. Maji yanapanda katika njia hizo kama vile mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi.

Vijana, msituamini bure. Jaribuni wenyewe. Chukueni tofali moja la kuchoma lililokauka vizuri. Lisimamisheni katika sahani yenye maji ya sentimita 2. Rudini baada ya saa moja, kisha jioni. Mtaona alama ya maji inapanda juu ya tofali, na hakuna mtu aliyeyamwaga huko. Ukuta wa nyumba unafanya vilevile, usiku na mchana.

Maji yakipanda yanabeba chumvi za udongo. Yakifika usoni pa ukuta, maji yanakwenda hewani na chumvi inabaki. Hiyo njo ile nyeupe tunayoiona. Chumvi hiyo inakua ndani ya lipu na kuisukuma, mpaka inaanguka.

JUU GANI TUHANGAIKE?

Wengine watasema: «Sisi tulizaliwa katika nyumba za namna hii na hatukufa.» Tusikilizane polepole.

Kwanza, kifua cha watoto. Mahali penye unyevu panaota kuvu, ile nyeusi ya nyuma ya kabati na chini ya kitanda. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa kitabu kizima juu ya unyevu na kuvu ndani ya nyumba. Lilieleza kwamba watu wanaoishi katika nyumba hizo wanapata zaidi shida ya kupumua, kikohozi na pumu. Ni nani anayelala chini kabisa, karibu na sakafu? Si baba. Ni mtoto, na mgeni, na nyanya aliyekuja kutuangalia.

Pili, mbabula. Usiku wa mvua, chumba kikiwa na baridi, jamaa nyingi zinaingiza mbabula ndani ili kukausha. Wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Msomaji, hapa tunasema bila kuzunguka: makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayelala nayo katika chumba kilichofungwa anaweza asiamke. Hakuna unyevu unaostahili bei ile. Mbabula ibaki inje.

Tatu, chakula. Mfuko wa mahindi au wa karanga uliowekwa juu ya sakafu yenye maji unaota kuvu kutoka chini. Namna fulani za kuvu zinatoa sumu kali inayoharibu maini, na kupika bukari hakuiondoi. Mwaka 2004 katika Kenya ya mashariki, hasa upande wa Makueni na Kitui, watu 317 walipatwa na sumu hiyo na 125 kati yao walikufa. Mahindi yao yaliwekwa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo hata leo, kabla ya kusoma mbele, nenda uangalie mfuko wako. Kama uko chini, weka mbao juu ya matofali, na mfuko juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta.

Ine, mali. Lipu inayoanguka kila mwaka, rangi inayonunuliwa kila mwaka, godoro linalooza, masanduku na vitabu vya masomo vinavyoharibika: ni franga zinazotoka kidogo-kidogo. Mtu haoni kama amelipa sana, kwani hakulipa siku moja.

PLASTIKI YENYEWE NI NINI?

Plastiki tunayoisema inaitwa polietileni. Waingereza wawili, Eric Fawcett na Reginald Gibson, waliipata kwa bahati mwezi wa tatu mwaka 1933, walipokuwa wakifanya majaribio ya mambo mengine. Ni plastiki ya namna moja na ile ya mifuko ya sokoni, lakini unene si mmoja.

Mfuko wa sokoni hauwezi kazi hii. Unapasuka kabla fundi hajamaliza. Utafute plastiki ya unene wa milimita 0.2, au zaidi. Namna gani kuipima bila chombo? Ikunje mara nyingi mpaka ipatikane karatasi kumi juu ya karatasi, uibane sana, kisha uweke rula. Karatasi kumi zikifika milimita 2, ni nzuri. Rangi nyeusi au nyeupe haina neno, ila isiwe ya kale iliyochomwa na jua, kwani jua linaifanya ikatike kama jani kavu. Hema la kale lenye matundu, hapana.

KAZI HATUA KWA HATUA

1. Ondoa udongo mweusi, majani na mizizi yote ndani ya msingi. Vitu hivi vinaoza na sakafu inazama.

2. Jaza mawe madogo au vipande vya matofali yaliyochomwa sana, unene wa sentimita 10 mpaka 15, na kushindilia vizuri. Kati ya mawe kuna nafasi kubwa, na maji hayapandi kwa urahisi katika nafasi kubwa.

3. Mwaga mchanga juu ya mawe, sentimita 3 mpaka 5, na kuusawazisha. Mchanga huu ni godoro la plastiki. Bila huo, mawe yataitoboa. Pitisha mkono: ukisikia kitu chenye ncha, kiondoe.

4. Tandika plastiki. Pale karatasi mbili zinapokutana, moja ipande juu ya nyingine sentimita 30, na ushikanishe kwa skochi pana. Pembeni, ipande ukutani sentimita 15 kuzunguka chumba kizima. Kama kuna tiyo inayopita, izungushie kipande kingine na kukifunga sana.

5. Mwaga zege, unene wa sentimita 8 mpaka 10. Kipimo kizuri ni ndoo 1 ya simenti, ndoo 2 za mchanga na ndoo 4 za mawe madogo. Weka mbao za kupitia ili watu wasikanyage plastiki na viatu vya misumari, na usiache mtu kuvuta zege kwa jembe lenye kugusa chini. Tundu moja kubwa linaweza kuharibu kazi ya siku nzima. Ukiliona, liweke kiraka mbele ya kumwaga.

6. Funika zege na uimwagie maji kidogo kwa siku saba. Wengi wanashangaa: «Tunakimbia maji, na sasa tunamwaga maji?» Ndiyo. Simenti inapata nguvu kwa maji. Ikikauka haraka inapasuka.

UKUTA USISAHAULIWE

Hapa njo wengi wanapokosea. Wanaweka plastiki chini ya sakafu, wanafurahi, na ukuta unaachwa. Maji yakikuta sakafu imefungwa yanatafuta njia ingine, na njia ile ni ukuta. Utaona sakafu kavu na kuta zenye kulia kuliko mbele.

Kwa hiyo, msingi ukifika juu ya udongo wa inje angalau sentimita 15, simamisha kazi. Mwaga simenti nyembamba ya kusawazisha. Juu yake tandika kipande cha plastiki nene, ao ile karatasi nyeusi ya lami mafundi wanayoiita rufingi, upana wote wa ukuta, bila kuacha nafasi. Pale vipande viwili vinapokutana, kimoja kipande juu ya kingine sentimita 15 ao zaidi, hata kwenye pembe. Kisha simenti tena, na matofali yanaendelea. Ile plastiki ya sakafu iliyopandishwa ukutani ikutane na hii. Sasa nyumba imekaa kama mtoto juu ya mpira: pa chini kote kumefungwa.

Tena mambo mawili. Lipu ya inje isipite juu ya karatasi ile na kushuka mpaka udongoni, kwani maji yatapanda ndani ya lipu na kuruka kizuizi. Na udongo wa bustani usirundikwe ukutani mpaka kuifunika.

KAMA SAKAFU IKO JUU YA NGUZO

Nyumba nyingine, zaidi zile za zamani, zina sakafu ya mbao iliyoinuliwa, na chini yake kuna nafasi ambayo mtu anaweza kuingia kwa kutambaa. Hapa plastiki inatandikwa juu ya udongo wenyewe. Mvuke wa udongo usipozuiwa, unapanda kila siku na kuozesha mbao.

Chunga maisha yako kwanza: fungua pande mbili, ingia na taa, piga fimbo mbele yako. Nyoka anapenda mahali pale, na nge pia. Usiingie peke yako. Toa takataka zote, mbao za kale na mawe yenye ncha. Kama kuna maji yaliyosimama, usitandike kitu: tafuta kwanza yanatoka wapi, tiyo inayovuja ao mfereji uliozibwa, na utengeneze. Kisha anza pembe ya mbali, urudi nyuma ukielekea mlango. Karatasi zipandane sentimita 30, zipande kwenye nguzo sentimita 15, na matofali yawekwe juu ili zisihame. Matundu ya hewa katika ukuta usiyazibe. Yawekee wavu wa chuma ili panya wasiingie.

NA NYUMBA ILIYOKWISHA KUJENGWA?

Tunajua wasomaji wengi wako katika nyumba iliyokwisha, ao ya kupanga. Usikate tamaa. Lakini usianze na kununua. Anza na kujua.

Kata kipande cha plastiki, nusu mita kila upande, ukishikanishe juu ya sakafu kwa skochi pande zote ine, na ukiache usiku na mchana. Maji yakionekana chini ya plastiki, yanatoka udongoni. Yakionekana juu yake, ni mvuke wa chumba: kupika ndani, nguo zinazoanikwa ndani, madirisha yasiyofunguliwa. Huyo wa pili dawa yake ni hewa, na hewa haiuzwi sokoni.

Kama maji yanatoka udongoni, fanya kwa mpango huu. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, wenye kuteremka, upeleke maji ya mvua mbali na msingi. Ondoa udongo uliorundikana ukutani. Maji ya kuogea na ya kuosha vyombo yasimwagwe pa chini ya ukuta. Kazi hii haitaki franga, inataka jembe na mikono, na mara mingi inapunguza shida sana.

Sakafu ikiwa ya udongo, bahati yako: ungali na nafasi ya kufanya kila kitu tulichosema, chumba kimoja-kimoja, mwaka huu cha watoto, mwaka kesho kingine. Sakafu ikiwa ya simenti lakini ya kale na imepasuka, unaweza kutandika plastiki juu yake na kumwaga sakafu mpya, kama milango inaruhusu. Lakini kumbuka neno la ukuta: kama ukuta hauna kizuizi, mifereji ya inje ni lazima kabisa.

Na tafadhali, usifiche unyevu. Wengi wanapaka simenti kali juu ya ukuta unaolia, hasa wa tofali bichi. Mwaka wa kwanza unapendeza. Kisha maji yaliyofungwa nyuma ya simenti yanapanda juu zaidi, na tofali bichi linalainika ndani bila mtu kuona. Ukuta wa udongo unapenda lipu ya udongo ao ya chokaa, inayoacha maji kutoka. Mutu akivaa koti ya mpira juu ya shati lenye maji, atakauka?

Jambo moja tena tusidanganyane: plastiki haizuii mchwa. Wanaitoboa. Endelea kuchunguza mbao zako.

TUFANYE HESABU PAMOJA

Chukua chumba cha mita 3 kwa mita 4. Ukiongeza sentimita 15 za kupanda ukutani kila upande, unapata mita 3.30 kwa mita 4.30. Kama plastiki ina upana wa mita 2, vipande viwili vikipandana sentimita 30 vinafunika mita 3.70: vinatosha. Kila kipande ni mita 4.30, basi unanunua mita 9. Simenti ya sakafu ileile, yenye unene wa sentimita 8, inataka karibu mifuko 6 ya kilo 50.

Sasa nenda sokoni, uliza bei ya vyote viwili, uandike. Huku kwetu simenti inafika kwa reli ao kwa kamio, na kila mmoja anajua vile inavyogharimu. Utakuta mita zile 9 ni sehemu ndogo kando ya mifuko ile 6. Na bado njo kitu cha kwanza ambacho watu wanakiondoa kwenye orodha franga zikipungua, kwani hakionekani. Mgeni anaona manjanja mapya, anaona rangi, anaona mlango wa chuma. Hakuna mgeni atakayesifu plastiki iliyo chini ya sakafu.

Mama na baba, kaeni pamoja mbele ya fundi kuanza, na mwandike plastiki kwenye orodha ya kwanza, pamoja na mawe na mchanga. Kama franga hazitoshi, acheni rangi ingojee. Rangi inaweza kupakwa mwaka wowote. Plastiki haina mwaka mwingine. Siku ya kumwaga zege, mmoja wenu asimame pale na kuangalia kwa macho yake kama imetandikwa, kama imepandana, kama haina tundu. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Huyu ufa uko chini, na unazibwa siku moja tu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Katika nyumba yetu, nani analala karibu zaidi na sakafu? Tunaweza kumwinua namna gani wiki hii?

2. Maji ya mvua yanayotoka kwenye manjanja yetu yanakwenda wapi? Je, yanaingia kwa jirani?

3. Vijana mnaweza kumchimbia mfereji mjane ao mzee gani wa mtaa wenu, kabla mvua ya mwezi wa kumi haijaanza?